Mama Mkwe Alipotaka Stadium

Mama mkwe wangu alikuwa opereta wa simu katika ile hoteli kubwa yenye mlango wa kioo unaozunguka. Alianza kazi kabla mume wangu hajazaliwa, enzi za kuchomeka nyaya kwenye matundu, na mashine za vitufe zilipokuja zilimkuta palepale, kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi. Wageni hawakuwahi kumwona, ila sauti yake waliijua. Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi, huoni mkunjo. Mtaani kwetu aliitwa Opereta, na mimi nilikuwa "mke wa mtoto wa Opereta", cheo kirefu kisicho na mshahara.

Hatukuwa maadui, ila chanda na pete pia hatukuwa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale pale sebuleni. Yeye hakupenda mlio wa mashine wala vipande vya nyuzi kwenye soksi zake. Nikipokea simu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, alinisahihisha huku akipita, bila hata kupunguza mwendo. Na alikuwa mtu wa kupita daima. Akitoka kazini hakai. Atafuta meza iliyokwisha kufutwa, atafungua kabati alifunge, atakwenda getini arudi. Siku moja nilimwambia, "Mama, kaa basi upumzike." Akanijibu, "Nimekaa kutwa nzima kwa mshahara. Bure sikai."

Alhamisi moja asubuhi mgeni wa ghorofa ya juu alipiga simu kuomba taulo, akajibiwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mgeni akadhani ni lugha ya wenyeji. Akapiga wa pili, akajibiwa vilevile. Dada wa mapokezi alipofungua mlango alimkuta Mama ameegemea ukuta, mdomo umevutwa upande mmoja, bado anabonyeza vitufe kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa kiharusi.

Hospitali walimwahi. Mguu ulipata nguvu haraka, mkono wa kulia ukabaki mzito, lakini kilichotushangaza ni ulimi. Kiswahili, lugha aliyonyonya nayo, kilikuwa kimefutika mdomoni. Alikuwa anakielewa chote, ukimwambia geuka anageuka, lakini hakuweza kukitamka. Kilichotoka kilikuwa Kiingereza, neno moja moja, na hilo neno lenyewe halikuhusiana na chochote.

Jumamosi, akiwa bado wodini, aliing'oa sindano ya dripu na kuteremka kitandani. Wauguzi wawili walimrudisha. Akateremka tena. "Stadium," alisema. "Stadium. Stadium."

Mume wangu, ambaye wenzake wanamwita Kocha kwa sababu ya kupenda mpira kuliko chakula, alinitazama. "Amesema uwanja wa mpira?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Mama huyu? Aliyenificha viatu vya mpira utoto wangu wote?"

Tulimuuliza, "Mama, unataka kwenda uwanjani?" Akatikisa kichwa kukataa, kisha akasema tena, "Stadium." Daktari alikwisha kutuonya kwamba ndiyo na siyo zinaweza kumchanganyikia, kwa hiyo hatukujua tufuate kichwa au mdomo.

Tulipomrudisha nyumbani mambo yalizidi. Zamani alikuwa hakai. Sasa alikuwa hatulii hata akiwa amekaa. Magoti yanacheza, macho yako mlangoni. Mimi nashona, yeye anazunguka: jikoni, sebuleni, getini, jikoni. Nilianza kushona pindo zilizopinda kwa sababu jicho langu moja lilikuwa kwenye sindano na jingine kwake. Mara mbili nilimkuta barabarani amevaa viatu, mkoba begani, anatazama kushoto na kulia kama mtu aliyekwisha kuchelewa. Nikimshika mkono kumrudisha, alirudi, lakini alirudi kama maji ya bomba unayoyaziba kwa kidole.

Na ule ulimi. Asubuhi moja alisema, "Watch." Nikamletea saa yake ya mkononi. Akaitupa kochini. "Watch," akasema, na midomo imemkauka. Kwenye chai alisema, "Button." Hilo nililifurahia, maana vifungo kwangu ndiyo duka. Nikamletea kopo zima achague. Alivitazama vile vifungo, akanitazama mimi, kisha akasukuma sahani yenye mkate mkavu mpaka ukingoni mwa meza.

Jioni moja umeme ulikatika tukiwa mezani. Kwenye giza tukasikia sauti yake, ile nzuri ya hotelini, inasema wazi kabisa, "Cancer."

Hakuna aliyetia tonge mdomoni tena. Kocha hakulala usingizi wa maana, na kulipokucha alimpeleka hospitali apimwe mwili mzima. Walimpima kila kinachopimika. Hawakuona saratani yoyote. Waliporudi, Mama alikuwa amekasirika hivi kwamba alikwenda moja kwa moja hadi kwenye droo ya jikoni, akatoa mshumaa, akanipiga nao begani, si kwa nguvu, akaurudisha. Nilidhani ni kiharusi.

Kocha naye akaamua kumaliza neno. Ilikuwa siku ya mechi kubwa. "Mama anasema stadium, stadium atapata," alisema. Alimvalisha fulana ya timu, akamshika mkono, wakaenda. Nilibaki nyumbani nikifurahia mlio wa cherehani pekee. Walirudi kabla ya kipindi cha pili. Kocha alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa na mamake hadharani, na kweli alikuwa amepigwa.

"Alipouona uwanja alikaa chini pale getini," alisema. "Akalia. Watu wakadhani namteka." Alivua kofia akaitazama. "Mke wangu, mama yangu anataka kitu na mimi simwelewi. Mtoto wa opereta, sielewi simu."

Jibu, au nusu yake, nililipata jikoni. Nilikuwa nakwaruza karoti, Mama anazunguka nyuma yangu. Alisimama, akachukua moja, akaiinua mbele ya macho yangu. "Carpet," alisema.

"Hiyo ni karoti, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu. "Carpet."

Kiingereza changu ni cha shule, lakini karoti naijua. Carrot, nilijisemea. Carrot, carpet. Zinaanza sawa. Kisu kikasimama. Nikafungua jokofu, nikatoa siagi, nikamwonyesha. "Button," alisema, na safari hii machozi yalikuwa yanamlengalenga. Butter. Nikafungua bomba, nikakinga maji kwenye kikombe. "Watch," akasema, akakipokea, akanywa chote. Water. Siku zote hizo mwanamke huyu alikuwa anaomba maji ya kunywa, na sisi tunamletea saa.

Nikaifungua ile droo, nikatoa mshumaa. Nilikwisha kujua atakachosema kabla hajakisema.

Kesho yake tulikuwa na miadi na mtaalamu wa kuwafundisha kusema waliopatwa na kiharusi, kijana mpole aliyekuwa akimwonyesha picha kila wiki. Nilimweleza. Akaandika candle na cancer kwenye ubao mdogo, moja chini ya jingine, kisha akahesabu herufi kwa kidole.

"Ni zaidi ya kuanza sawa," alisema. "Urefu ni uleule pia. Carrot na carpet, butter na button, water na watch." Alimgeukia Mama. "Mama, hujapoteza maneno. Unafika mtaa sahihi, unagonga nyumba ya jirani. Nilipaswa kuliona hili mapema. Pole sana."

Mama alimpapasa mkono, kama kusema hakuna neno.

"Sasa hilo la stadium," nilisema.

"Nendeni nyumbani mlijaribu taratibu," alisema. "Linaanza hivyohivyo, na lina urefu huohuo. Mtajieni, yeye achague."

Kulisema ni rahisi. Tulikaa mezani, mimi, Kocha na kamusi ya shule ya jirani, Mama amesimama nyuma ya kiti chake amekikamata mgongo. Kocha alianza. "Stapler?" Mama akafumba macho. "Stamina? Starter?" Mama akagonga kiti sakafuni. Mimi nilikuwa nageuza kurasa mbiombio, maana ukishajua mtu amefungiwa ndani, kila dakika unayochelewa kumfungulia ni deni lako wewe.

"Station," nilisema.

Aliachia kiti. Alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzito, uliokuwa haushiki hata kijiko.

"Station gani?" Kocha aliuliza. "Polisi, Mama? Kuna mtu kakuibia?" Akakataa. "Kituo cha mafuta? Cha mabasi?" Akakataa, akakataa. Kocha alisita. "Treni?"

Mama alipumua kwa kishindo, kama aliyetua mzigo wa kuni.

Hatukujua stesheni kuna nini. Kocha ni dereva wa lori la maji, na asubuhi iliyofuata alitushusha mbele ya stesheni akielekea kazini. Nilikuwa nimetoka na futi yangu ya kupimia shingoni, nikidhani tunakwenda kutazama tu na kurudi. Ukumbi ulikuwa na madirisha ya tiketi, mabenchi ya mbao, na saa kubwa. Mama alipita kote huko bila kutazama. Alikwenda hadi kwenye benchi la mwisho, lile linalotazamana na reli, akalipapasa ubao kwa kiganja, upande huu na upande ule, kama anayetafuta joto la mtu aliyenyanyuka. Kisha treni ya kwenda bara ikaingia, na kabla sijamaliza kusema "Mama, twende," alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya behewa.

Ningefanya nini? Nilipanda. Nilimlipa mkaguzi wa tiketi ndani, na aliponiuliza tunashuka wapi nilimwonyesha Mama kwa kidevu. Akamtazama, akanitazama mimi na futi yangu, akaandika kituo cha mwisho.

Kocha alipiga simu. "Mko wapi?"

"Kwenye treni."

"Mnaenda wapi?"

"Muulize mama yako."

Ilikuwa safari ndefu na Mama hakukaa. Alisimama dirishani, akishikilia chuma, na kila kituo kilipokaribia aliinamisha kichwa kusoma kibao, akakiacha kipite. Mimi nilikuwa nasimama anaposimama, nakaa anapokaribia kukaa. Abiria mmoja aliniuliza kama mama ana wadudu. Mchana ulikuwa umeshapinda tulipofika kwenye mji mdogo wenye matangi ya maji meupe kando ya reli. Mama akavuta mkoba begani. Tulishuka peke yetu.

Hakuniuliza njia, na mimi sikuwa nayo. Alitembea mbele, mguu mmoja ukiburuta kidogo, tukapita nyuma ya kinu cha kusaga, tukakata kwenye uchochoro wa mabati, mpaka kwenye uwanja uliozungushiwa waya. Ndani kulikuwa na kuku wengi, na katikati yao mwanamke mzee, mrefu, ameshika ndoo ya chakula. Alikuwa na paji la uso la Mama, na pua ya mume wangu. Hapo nikakumbuka. Kocha aliwahi kuniambia mara moja tu kwamba mama yake ana dada mkubwa, na kwamba jina lake halitajwi nyumbani.

"Shikamoo, mama mkubwa," nilisema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni mkwe wake huyu."

"Basi mkwe," alisema bila kumtazama mdogo wake, "mwambie huyo uliyekuja naye kwamba Jumamosi ile nilivaa viatu vya kubana. Nilikaa kwenye benchi mpaka treni ya kurudi. Mwambie nilimletea mayai, nikarudi nayo, yakapasukia njiani. Mwambie nimekoma."

"Mama mkubwa, hakuweza kuja. Alikuwa hospitali. Kiharusi kilimpata Alhamisi iliyotangulia. Na hawezi kusema."

"Hawezi au hataki? Huyo maisha yake yote amelipwa kwa kusema."

Mama alikuwa ameshika waya kwa mkono mzima. Midomo yake ilikuwa inatafuta. Nilijua sasa hali ile, kama mtu anayejaribu funguo gizani. "Foreign," alisema.

Dada yake akageuka. "Anasemaje?"

"Amesema foreign, maana yake kigeni. Lakini silo analolitaka, mama mkubwa. Maneno yanamtoka ya jirani. Nipe nafasi." Nilimshika Mama bega. "Forever?" Akakataa. "Forward? Fortune?" Akakataa, akakataa, na mimi Kiingereza kilikuwa kinaniishia. Kamusi ilikuwa nyumbani mezani. "Forgive?"

Alikubali kwa mwili mzima.

"Hilo nalo ni nini?" aliuliza dada.

"Kusamehe."

Kuku walikuwa wanagombania chakula miguuni pake. Aliwamwagia konzi nyingine. "Aniambie kwa lugha ya mama yetu," alisema hatimaye. "Kwa Kiingereza ndiko alikonipoteza."

Mama alijaribu. Nilimwona akijaribu. Shingo ilisimama mishipa, mdomo ukapinda, mate yakamtoka upande ule ulioshuka, yakateleza kidevuni, na hakuna neno lililokuja. Kumbe mpaka wakati huo dada yake hakuwa amemtazama usoni sawasawa. Aliweka ndoo chini. Akafungua lango la waya, akamfuta kidevu kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto anayetaka kukimbia.

"Na huu mdomo nani kaupinda hivi," alisema, si kwa kuuliza. "Ingieni, kuku watatoka."

Habari yenyewe alinipa ndani, tukinywa chai, Mama akizunguka kati ya dirisha na mlango. Baba yao alipokuwa anakata roho, zamani hizo, simu ilikuwa moja tu, kwenye ofisi ya zahanati. Dada alimbeba mzee mpaka pale na kupiga hotelini, ili asikie sauti ya mwanawe mdogo. Mama alipokea. Hotelini kulikuwa na mkutano, laini zote zinalia. Akasema kwa Kiingereza, kwa mazoea, subiri kwenye laini tafadhali. Aliporudi, mzee alikuwa amekwisha kuchoka kushika simu. Jioni hiyo alifariki.

"Hakujua ni mimi," dada alisema. "Nalijua hilo. Nililijua siku ileile. Lakini moyo nao una masikio yake." Akajiongezea chai. "Mwaka huu nikaumwa, nikalala kitandani nikajiuliza, hivi nangoja nini? Nikapiga namba ileile ya hoteli, ndiyo pekee niliyo nayo kichwani. Nikamwambia Jumamosi naja, nipokee stesheni. Akalia kwenye simu. Kisha hakuja. Ningepiga tena? Ili niambiwe tena nisubiri?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Aliweka ule mkono mzito kwenye bega la dada yake, akauacha hapo, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi nilimwona amesimama mahali pamoja hata chai ikapoa.

Msidhani alitulia basi. Siku ya pili alikuwa tena barazani na viatu miguuni. Tofauti ni kwamba dada yake naye alikuwa na viatu miguuni. Kumbe ni ukoo mzima. Walizunguka pamoja ule uwanja wa kuku, wa mbele anaburuta mguu, wa nyuma anasema na kusema, akimlipia mwenzake deni la miaka yote ya kununa. Nilirudi peke yangu kwenye sare zangu, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilikuwa nafunga na kufungua kabati ili kusikia kitu.

Kiswahili kimeanza kumrudia, kidogo kidogo. Neno la kwanza lilikuwa "Funga," siku kuku walipotoroka langoni, na dada yake akasimama pale na ndoo, hakufunga chochote. Samahani bado haijatoka. Mama mkubwa anasema haina haraka, ingawa nimemsikia akiitamka polepole mbele yake, kama mtu anayeangusha punje mahali kuku atakapoiona.

Siku hizi Mama anakaa huku mwezi, kule mwezi, na hakuna upande anakomaliza mwezi. Akiwa kwangu anaitafuta treni. Akiwa kule, mama mkubwa hupiga simu kulalamika kwamba mgeni wake amekwisha kupanga mkoba. Kiingereza nacho hakijamwacha. Chicken kwake ni chimney, na wateja wa pale wameshazoea; wanafika kwenye waya wanaagiza chimni wawili wanene. Juzi alimkaripia jirani aliyeacha mbwa wake aingie uwanjani. Alimkaripia kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya hotelini, bila neno hata moja lililokuwa mahali pake, na jirani aliomba radhi mara mbili.